Usukani Unaojiendesha: Umeme, Chumvi na Kanuni ya Ohm

Visiwa vya Cocos (Keeling), milki ya Australia katika Bahari ya Hindi, ni visiwa 27 vya matumbawe, na viwili tu ndivyo vyenye wakazi. Mashua za matanga zivukazo bahari hutia nanga kando ya kisiwa cha Direction, kisicho na mkazi wala karakana. Kutoka hapo hadi Rodrigues ni takriban maili 2,000 za baharini. Mashua iendayo maili 5 kwa saa hutumia siku 17 hivi, usiku na mchana. Ikiwa mabaharia ni wawili tu, na mtambo wa kushika usukani umeharibika, kila mmoja wao atashika usukani saa 12 kila siku. Uchovu wa namna hiyo huleta ajali. Kwa hiyo yafaa hitilafu itafutwe mashua ingali nangani.

Mwaka 1897 Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, alifika visiwa hivyo baada ya safari ya siku 23, akiwa ameshika usukani saa chache tu. Chombo chake, Spray, kilijishikia njia chenyewe matanga yakisawazishwa vema. Mashua nyingi za sasa hazina tabia hiyo, hutegemea umeme.

Mtambo huo una sehemu nne. Dira ya umeme hupima uelekeo wa mashua. Kisanduku cha udhibiti hulinganisha uelekeo huo na ule uliotakiwa. Ikiwapo tofauti, mota huugeuza usukani. Kipimo cha pembe ya usukani nacho hurudisha habari kwenye kisanduku, ili mota isimame kwa wakati. Utaratibu huu huitwa mrejesho.

Chukulia kwamba mota inaguna kidogo, kisha mtambo unajizima. Fundi anapima volti kwenye mota iliyosimama, anaona 12.6, sawa na betri. Je, waya ni mzima? Hapana, kipimo hicho hakithibitishi lolote. Kwa Kanuni ya Ohm, volti zinazopotea katika waya ni mkondo mara ukinzani. Pasipo mkondo hakuna kinachopotea. Sharti mota ipimwe ikifanya kazi. Iwapo mkondo ni ampea 10, betri inaonyesha volti 12.3 na mota volti 10.3, basi volti 2 zimepotea njiani. Ukinzani ni 2 ÷ 10, yaani omu 0.2. Nguvu inayogeuka kuwa joto ni 2 × 10, yaani wati 20. Kisanduku kikiona volti zimeshuka mno, hujizima.

Ili kupajua mahali penyewe, ncha za voltimita huwekwa pande mbili za kila kiungio, kimoja baada ya kingine, mota ikizunguka. Kile kinachoonyesha karibu volti 2 ndicho kibovu. Mara nyingi shaba yake imeliwa na chumvi: chumvi hufyonza unyevu wa hewa, na shaba hufanya ganda la kijani lisilopitisha umeme vizuri. Betri itenganishwe kwanza. Waya ukatwe hadi ionekane shaba ing'aayo. Kiungio kisuguliwe, kikazwe na kupakwa grisi. Kisha kipimo kirudiwe.

Hata hivyo kazi haijakwisha. Nyaya mbili za mota zikibadilishana mahali, mota huzunguka kinyume. Mashua ikipotoka kushoto, usukani huipeleka kushoto zaidi. Mrejesho uliokuwa ukisahihisha kosa sasa unalikuza. Nangani kosa hili huonekana bila hatari: mtambo uagizwe kwenda kulia, na usukani utazamwe unageukia wapi.

Zoezi: Baada ya kusafishwa, kiungio kina ukinzani wa omu 0.02. Kwa mkondo ule ule wa ampea 10, ni volti ngapi na wati ngapi zinazopotea?