Kibao cha "Mbwa Mkali" Kinamlinda Nani?

Mitaa tunayopanga mageto imejaa vibao vya MBWA MKALI, na wenye nyumba wengi wanaamini ukishabandika kibao, aking'atwa mtu ni shauri lake. Mimi nasoma sheria, na nasema si hivyo.

Tanzania ilipokea kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa kanuni hizo, mwenye mbwa anawajibika kama alijua mbwa wake ana tabia ya kung'ata. Kazi ngumu ni kuthibitisha kwamba alijua. Sasa mtu kaandika mwenyewe getini, tena kwa rangi nyekundu! Kibao peke yake huenda kisitoshe, lakini wakili wako hatakiacha.

Ila kinaweza kukugeuka na wewe. Katika kesi ya Cummings na Granger, iliyoripotiwa Uingereza mwaka 1977, mwanamke aliingia usiku kwenye yadi ya magari mabovu London, huku akijua kuna mbwa. Aling'atwa vibaya. Mahakama ya Rufani ikamnyima fidia, kwa kuwa hatari aliikubali mwenyewe.

Mpangaji hajavamia, analipa kodi. Kabla hujalipa, muulize mwenye nyumba kwa meseji mbwa anafunguliwa saa ngapi na kama amechanjwa. Hayo maandishi yatunze. Uking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, wahi hospitali upate chanjo ya kichaa cha mbwa. Picha ya kibao utapiga ukirudi.