Taa za Mbele za Gari: Kwa Nini Globu Kubwa Haitoshi

Dereva anayesafiri usiku huona barabara kwa kadiri taa zake zinavyomulika. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, na breki zikiwa nzima juu ya lami kavu, gari litasimama baada ya mita 57 hivi. Taa zisipofika umbali huo, kizuizi kitaonekana wakati umekwisha pita. Ndiyo maana wenye magari wengi hutamani taa kali zaidi, na njia ya kwanza wanayoifikiria ni kununua globu ya wati nyingi. Elimu ya fizikia yaonyesha kwamba njia hiyo ina hasara zake.

Globu ya halojeni

Ndani ya globu mna uzi wa tungsteni unaopashwa moto na umeme hata ukang'aa. Katika globu ya kawaida, tungsteni huvukiza na kuganda juu ya kioo, kikawa cheusi. Katika globu ya halojeni huongezwa kiasi kidogo cha iodini au bromini, ambayo huungana na mvuke huo na kuurudisha kwenye uzi. Kwa hiyo kioo hubaki safi, na uzi waweza kupashwa moto zaidi. Globu hizo zilianza kutumika katika magari ya Ulaya mwaka 1962, na ile yenye nyuzi mbili, iitwayo H4, ikafuata mwaka 1971. H4 ya volti 12 hutumia wati 60 kwa mwanga wa mbali na wati 55 kwa mwanga wa chini.

Hesabu ya mkondo

Nguvu ni sawa na volti mara ampea. Globu mbili za wati 60 zahitaji wati 120, yaani ampea 10. Zikiwekwa mbili za wati 100, mkondo hupanda hadi ampea 16.7.

Tuchukue waya wa shaba wenye urefu wa mita 4 na eneo la milimita mraba 1.5. Ukinzani wake ni:

0.017 × 4 ÷ 1.5 = omu 0.045

Kwa ampea 10, waya hupoteza volti 0.45 na kutoa joto la wati 4.5. Kwa ampea 16.7, hupoteza volti 0.75 na kutoa joto la wati 12.5. Mkondo haukufika mara mbili, lakini joto limekaribia mara tatu, kwa kuwa joto hufuata mraba wa mkondo. Plastiki ya waya huweza kuyeyuka, na swichi kuungua. Fyuzi ikikatika, si busara kuweka kubwa zaidi au kipande cha waya, kwani kufanya hivyo ni kumwondoa mlinzi na kumwacha mwizi.

Aidha, mwanga hupungua upesi kuliko volti. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga wa globu hupungua kwa asilimia 30 hivi. Mara nyingi basi, taa hafifu si kosa la globu, bali ni la waya mwembamba na viungo vyenye kutu.

Dawa iliyo bora

Kwanza, voltimita itumike kupima volti za betri, kisha volti zinazofika kwenye globu, taa zikiwa zinawaka. Tofauti ikiwa kubwa, viungo na waya wa bodi visafishwe. Pili, iwekwe rilei, yaani swichi inayofungwa na sumaku-umeme. Mkondo mdogo hupita kwenye swichi ya dereva, na mkondo mkubwa hutoka kwenye betri kwa waya mfupi na mnene wenye fyuzi yake. Waya wa mita 1.5 wenye milimita mraba 4 hupoteza volti 0.06 tu kwa ampea 10.

Kiakisi na macho ya wengine

Kiakisi cha taa kimeundwa kwa uzi uliokaa mahali maalumu. Globu za LED hutoa mwanga mwingi kwa wati chache, hivyo haziuchoshi waya. Lakini chanzo chake cha mwanga kisipokaa pale pale ulipokuwa uzi, miali hutawanyika na kumpofusha dereva anayekuja. Kadhalika, taa zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha upande wa kulia huinua mwanga upande huo. Zikitumika Kenya, Uganda au Tanzania, ambako magari hupita kushoto, humulika machoni pa anayekuja. Dereva aliyepofushwa kwa sekunde mbili tu, kwa mwendo ule ule, amekwisha kwenda mita 44 bila kuona.

Maswali

1. Mwangaza hupungua kwa mraba wa umbali. Ili kumulika kitu kilicho mbali mara mbili kwa mwangaza ule ule, mwanga wahitaji kuongezwa mara ngapi?

2. Unganisha betri na globu ndogo kwa waya mfupi, kisha kwa waya mrefu na mwembamba. Pima volti za globu kila mara, ueleze tofauti.

3. Kwa nini fyuzi huwekwa karibu na betri, si karibu na taa?