Kutoka Mlima Elgon Hadi Kisiwa cha Kati: Somo la Safari ya Mashua Ziwani Turkana

Katika masoko yetu, kuanzia Kitale hadi Bungoma, samaki wakavu kutoka Ziwa Turkana si wageni. Hupandishwa malori Kalokol na Lodwar, wakapita Kapenguria na kutufikia wakiwa magunia kwa magunia. Wengi wetu tumewala. Wachache ndio wanaojua kwamba katikati ya ziwa wanakotoka samaki hao kuna visiwa vitatu vilivyozaliwa na volkano, na kwamba kimojawapo ni mbuga ya kitaifa ambayo mkazi wa kawaida anaweza kuifikia kwa mashua ndogo ya injini.

Mbali na hapa, katika visiwa vya Galápagos vilivyo milki ya Ekwado, watu hulipa pesa nyingi kuzunguka visiwa vya volkano kwa meli ndogo na kutazama wanyama. Sisi tunavyo visiwa vya namna hiyo nchini mwetu, na Kitale ndio mlango wa kwendea huko. Somo hili linaeleza visiwa hivyo ni nini, vinahusianaje na mlima wetu, na mzazi, mwalimu au kikundi cha vijana kinapaswa kujua nini kabla ya kukanyaga mashua.

Mlima mmoja, maziwa mawili

Tuanzie nyumbani. Mlima Elgon ni volkano kuukuu iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita. Kilele chake cha juu kabisa, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina urefu wa mita 4,321. Juu kabisa kuna bonde pana la mviringo lililobaki baada ya kilele cha kale kudidimia. Mvua inayonyesha mlimani hugawanyika njia mbili.

Sehemu moja hushuka kusini. Mto Kuywa wa Bungoma, kwa mfano, huingia Mto Nzoia, na Nzoia huingia Ziwa Viktoria. Kutoka huko maji hutoka kwa Mto Naili hadi bahari ya Mediterania.

Sehemu nyingine hutoka katika lile bonde la juu kupitia korongo la Suam. Mto Suam hupita mpakani upande wa Endebess, ukaingia Pokot Magharibi na kujaza bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka 1991 na ambalo mitambo yake inaweza kuzalisha megawati 106 za umeme. Chini ya bwawa mto huitwa Turkwel. Hupita Lodwar na kuishia Ziwa Turkana. Maji hayo hayafiki bahari yoyote, kwa sababu ziwa hilo halina mto unaotoka. Njia yake ya kupunguza maji ni jua na upepo, na ndiyo maana maji yake yana magadi.

Kwa hiyo matone mawili ya mvua yaliyoanguka hatua chache baina yao mlimani yanaweza kuishia pande mbili tofauti kabisa: moja Misri, jingine jangwani Turkana.

Visiwa vilitokeaje?

Ziwa Turkana limo ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi inavutwa pande mbili na kupasuka. Kwenye nyufa hizo mawe yaliyoyeyuka hupanda kutoka chini. Yalipotokea ndani ya ziwa, yalijijenga tabaka juu ya tabaka hadi yakachomoza juu ya maji. Hivyo ndivyo tulivyopata Kisiwa cha Kaskazini, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini.

Tofauti na Elgon, volkano hizi bado ni changa. Katika Kisiwa cha Kati mvuke wenye harufu ya kiberiti hutoka mpaka leo kwenye nyufa za mawe. Kisiwa chenyewe si kikubwa: kina eneo la takriban kilomita 5 za mraba. Ndani yake kuna kasoko kadhaa, yaani mashimo yanayobaki mdomoni mwa volkano, na matatu kati yake yamejaa maji. Maziwa hayo madogo yamepewa majina kutokana na viumbe: Ziwa la Mamba, Ziwa la Heroe na Ziwa la Tilapia. Heroe ni wale ndege warefu wa waridi ambao wengi huwaita flamingo.

Kisiwa cha Kati na cha Kusini vilitangazwa mbuga za kitaifa mwaka 1983. Mwaka 1997 Kisiwa cha Kati pamoja na mbuga ya Sibiloi, iliyo ufuo wa mashariki, viliingizwa na UNESCO katika orodha ya Turathi za Dunia. Kisiwa cha Kusini kiliongezwa mwaka 2001.

Mgeni ataona nini?

Mamba ndiye mwenyeji mkuu. Mamba jike huchimba mchanga, hutaga mayai yake na kuyafukia. Hulinda kiota kwa muda wa miezi mitatu hivi. Joto la mchanga ndilo linaloamua kama watoto watakuwa madume au majike. Wakati wa kuanguliwa ukifika, watoto hulia wakiwa bado ndani ya mayai. Mama husikia, hufukua kiota na kuwabeba majini kwa kinywa chake. Katika Kisiwa cha Kati miezi ya Aprili na Mei hujulikana kama msimu wa mayai kuanguliwa. Mama mamba wakati huo hana subira na mtu yeyote.

Kuna pia ndege wengi. Wanaohama kati ya Afrika na Ulaya hutumia ziwa hili kama kituo cha kupumzika, hasa kuanzia Machi hadi Mei wanaporudi kaskazini.

Na kuna samaki. Mbuta, anayeitwa pia sangara, aliletwa Ziwa Viktoria na wanadamu katikati ya karne iliyopita. Ziwani Turkana ni mzaliwa wa huko tangu kale. Wataalamu wanaeleza kuwa hii ni dalili kwamba zamani, mvua zilipokuwa nyingi na ziwa likiwa juu zaidi, maji ya Turkana yalifurika hadi Mto Naili.

Njia ya kufika

Kutoka Kitale, barabara hupita Kapenguria na Ortum, hushuka hadi Marich, hukata Lokichar na kufika Lodwar, mwendo wa takriban kilomita 300. Kutoka Lodwar hadi Kalokol ni kama kilomita 60. Kabla ya kufika Kalokol, simama Namoratunga, kando ya barabara. Utaona nguzo za mawe meusi ya volkano zilizosimikwa na watu wa kale. Waturkana husimulia kwamba ni watu waliogeuzwa mawe. Mashua za kwenda kisiwani huondoka ufuo wa Kalokol, kwenye ghuba ya Ferguson.

Hakuna meli ya kifahari huko. Chombo ni mashua ya injini, na nahodha mara nyingi ni mvuvi aliyekulia ziwani.

Upepo si mchezo

Sehemu hii isomwe kwa makini na kila anayepanga safari ya shule au ya kanisa.

Upepo wa kusini-mashariki unaovuma Turkana ni miongoni mwa pepo zenye nguvu zaidi nchini. Ndio uliofanya mitambo 365 ya umeme wa upepo ijengwe karibu na Loiyangalani. Upepo huo huo huweza kubadilisha ziwa tulivu likawa mawimbi makubwa kwa muda mfupi.

Historia inatuonya. Mwaka 1934 Vivian Fuchs wa Uingereza aliongoza kikundi cha watafiti ziwani humo. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwa mashua hadi Kisiwa cha Kusini. Hawakuonekana tena. Walitafutwa bila mafanikio, na hadi leo hakuna ajuaye kwa hakika kilichowapata. Walikuwa wasomi wenye vifaa vya wakati wao, lakini ziwa haliulizi cheti.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda mashua:

1. Kila abiria, mtoto kwa mkubwa, avae jaketi la kuelea majini na kulifunga vizuri kabla mashua haijang'oa nanga. Jaketi lililowekwa chini ya kiti halimwokoi mtu. Kama majaketi hayatoshi, wengine wabaki ufuoni.

2. Uliza kama mashua imekaguliwa na nahodha ana leseni. Usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini nchini uko chini ya mamlaka ya KMA. Kuuliza si dharau. Ni haki yako.

3. Hesabu abiria wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Mashua isipakiwe kupita kiasi ili kupunguza nauli.

4. Nahodha akisema "tungoje upepo utulie," ngojeni. Msimlazimishe kwa sababu basi la kurudi Kitale limelipiwa. Wekeni siku moja ya ziada katika mpango wenu ili msishawishike kuvuka wakati mbaya.

5. Mwacheni mtu ufuoni anayejua majina yenu na saa mnayotarajiwa kurudi.

6. Msiogelee wala kunawa ukingoni mwa maji bila idhini ya askari wa wanyamapori. Mamba haonekani mpaka amekaribia.

Ada za kuingia mbuga hulipwa kwa Huduma ya Wanyamapori nchini (KWS) kupitia mfumo wa eCitizen, si kwa pesa taslimu. Lipeni mapema, mkiwa mahali penye mtandao, na mbebe vitambulisho. Bebeni pia maji ya kunywa ya kutosha, kofia na viatu vilivyofungwa, kwani mawe ya lava ni makali na yana joto.

Adabu za kisiwani

Galápagos wana kanuni zinazofaa kuigwa. Meli za watalii haziruhusiwi kuzidi abiria 100, kila kikundi hufuatana na kiongozi aliyeidhinishwa, na mgeni hukaa angalau mita 2 kutoka kwa mnyama. Kwa mamba wetu, mita 2 ni chache mno. Fuata umbali atakaosema askari. Usikanyage mchanga wenye viota, usiokote yai wala jiwe, usirushie ndege kitu ili waruke upate picha. Takataka zote zirudi nanyi bara.

Maji hupanda na kushuka

Ziwa Turkana hubadilika. Miaka ya 1980, muda mfupi baada ya kiwanda cha samaki kujengwa Kalokol kwa msaada wa Norwe, maji yalirudi nyuma na ghuba ya Ferguson ikakauka. Kiwanda kikabaki mbali na samaki. Miaka ya hivi karibuni imekuwa kinyume: maziwa ya Bonde la Ufa, Turkana likiwemo, yamefurika na kuhamisha familia nyingi za ufuoni.

Zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani hutoka Mto Omo wa Ethiopia. Bwawa la Gibe III kwenye mto huo lilizinduliwa mwaka 2016, na mwaka 2018 UNESCO iliweka mbuga za Ziwa Turkana katika orodha ya turathi zilizo hatarini, ikitaja athari za mabwawa.

Mchango wa Turkwel, mto unaoanzia kwetu, ni mdogo ukilinganishwa na Omo. Hata hivyo, ndio unaonywesha watu na mifugo njia nzima hadi Lodwar, na ndio unaoendesha mitambo ya umeme ya Turkwel. Mkulima wa Endebess anapolima hadi ukingo wa Suam, udongo wake mzuri husombwa na mvua. Yeye hupoteza rutuba aliyoilipia kwa mbolea, na bwawa hujaa matope. Hasara inaanza shambani kwake kabla ya kumfikia Mturkana.

Kanuni za maji nchini zinataka ukingo wa mto uachwe bila kulimwa, kati ya mita 6 na mita 30 kulingana na upana wa mto. Panda hapo nyasi za nepia, mianzi au miti ya kienyeji, na kwenye miteremko jenga matuta. Nepia italisha ng'ombe, na mahindi yatabaki na udongo wake.

Maswali ya kujadili nyumbani au darasani

1. Mto ulio karibu nawe huelekea Ziwa Viktoria au Ziwa Turkana? Ufuate kwenye ramani hadi mwisho wake.

2. Kwa nini Ziwa Turkana lina magadi, ilhali maji ya Suam ni matamu?

3. Mbuta wa Turkana anatufundisha nini kuhusu historia ya ziwa hilo?

4. Mko wanafunzi 30 ufuoni Kalokol, majaketi ni 22 na nahodha ana haraka. Mtafanya nini?

Shule au kikundi kinachotaka kupanga safari kiulize kwanza katika afisi ya KWS iliyo karibu kuhusu hali ya ziwa na ya barabara. Wasioweza kusafiri mwaka huu wanaweza kuanza na Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, waingie pango la Kitum ambamo ndovu huenda usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao. Hilo pia ni pango ndani ya mawe ya volkano, na mlimani humo ndimo Mto Suam unamoanzia.