Kutambua na Kuoanisha Samaki wa Anemoni

Katika kufundisha uainishaji wa viumbe, wengi wetu huwapa wanafunzi majina ya kukariri kabla ya kuwapa kitu cha kutazama. Tangi la kioo lenye maji ya bahari laweza kuibadili desturi hiyo. Tumechagua aina mbili ambazo hata wafugaji wa majumbani huzichanganya: Amphiprion ocellaris na Amphiprion percula. Zote ni za rangi ya machungwa zenye mikanda mitatu myeupe. Hazipatikani katika pwani yetu. Ya kwanza ni ya Indonesia, Ufilipino na bahari za jirani. Ya pili ni ya New Guinea, Visiwa vya Solomon na Queensland. Lakini samaki wengi wa dukani wamezaliwa matangini, hivyo asili yao haitusaidii.

Mwanafunzi huanza na rangi. Atasema kwamba percula ana weusi mpana kandokando ya mikanda, na ocellaris ana mstari mwembamba tu. Mwalimu amwache aseme, kisha amwonyeshe percula mchanga ambaye weusi wake haujakolea. Sasa na ahesabu miiba migumu ya pezi la mgongoni: kwa kawaida percula ana 10, ocellaris 11. Samaki hatulii, kwa hiyo yafaa apigwe picha ubavuni pezi likiwa limesimama. Kumshika mkononi ni kumwumiza. Hata hivyo, ocellaris mwenye miiba 10 huonekana pia. Basi mwanafunzi atazame na jicho, ambalo kwa percula huwa na rangi ya machungwa iliyo angavu zaidi, kisha apime dalili zote pamoja. Jibu la “yaelekea ni percula, kwa sababu hizi” twalipa alama nyingi kuliko jina tupu, hata likiwa sahihi.

Kuoanisha ndiko kuwashangazako zaidi. Darasa likiulizwa, hujibu kwamba mkubwa ni dume. Sivyo. Samaki hawa hukomaa kwanza wakiwa madume, na aliye mkubwa na mwenye nguvu hugeuka jike, wala harudi tena kuwa dume. Mwaka 1977 Hans na Simone Fricke walieleza jambo hili wakitumia, miongoni mwa wengine, Amphiprion akallopisos, ambaye huishi katika matumbawe ya Afrika Mashariki. Majike wawili wakitiwa tangi moja huweza kupigana hata mmoja afe. Kwa hiyo wachaguliwe wachanga wawili wa aina moja, wasiolingana kimo. Aina zetu mbili zikichanganywa huweza kuzaana, na watoto wao huwa vigumu mno kuainishwa.

Mdogo akionekana akitetemeka mbele ya mkubwa, wanafunzi wasidhani anaumwa. Ananyenyekea, na hiyo ni dalili njema. Jike akifa, waulizwe ni samaki wa kimo gani atakayefaa kuongezwa, na kila mmoja aandike hoja yake kabla tangi halijaguswa.