Ratiba ya Mwanafunzi Katika Simu: Je, Ni Salama kwa Kijana?

 

SUALA. Ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani hii aliyehamia Marekani kwa ajili ya kazi, ametuletea suala hili: "Binti yangu ana umri wa miaka 15, naye yuko skuli ya sekondari. Ataka kutia katika simu yake programu iitwayo Saturn, ambayo mwanafunzi huandika humo ratiba ya masomo yake, akaona na ratiba za wenziwe. Mama yake asema tumwache asiwe mpweke. Mimi nilikuwa karibu kumnyang'anya simu. Sharia yatuongoza vipi?"

JAWABU. Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa asili ya vitu ni halali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Kuandika nyakati za masomo ni jambo jema, na mwenye kupanga wakati wake hukumbuka na wakati wa sala. Kwa hiyo suala si ratiba; suala ni nani anayeisoma. Ratiba ya mtoto ikikutana na jina lake, sura yake na skuli yake, humwambia kila aionaye: mtoto huyu saa fulani yupo mahali fulani, na saa fulani hutoka. Khabari hiyo mkononi mwa rafiki ni manufaa; mkononi mwa mtu mbaya ni ufunguo wa mlango.

Tazameni katika Suratun-Nur, aya ya 58, jinsi Mola wetu alivyoamrisha hata watoto wadogo wa nyumbani waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, na mtu anapovua nguo zake adhuhuri, na baada ya sala ya Isha. Ikiwa saa za mtu zina sitara mbele ya mtoto wake mwenyewe, basi zina sitara zaidi mbele ya asiyemjua.

KHABARI ILIYOTHUBUTU. Mwezi wa Agosti 2023 wazee wengi na baadhi ya skuli za Marekani walitahadharishana juu ya programu hii, wakisema mtu mzima aweza kujifanya mwanafunzi akaingia. Khabari ya mdomo haitoshi kuhukumu. Tumeamrishwa katika Suratul-Hujurat, aya ya 6, kuhakikisha kabla ya kutenda, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Lakini mwaka 2025 afisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York ilitangaza baada ya uchunguzi wake kwamba wenye programu walikuwa wakiahidi kuhakikisha wanafunzi, na hali kwa skuli nyingi hawakuhakikisha. Wakakubali kulipa dola 650,000 na kubadili njia zao za kulinda siri za vijana. Hii si porojo ya barazani. Lakini pia si hukumu ya milele, kwani programu hubadilika. Yapasa kutazama ilivyo siku unayoulizwa wewe.

KAULI YA MAFAKIHI. Mwanazuoni wetu Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na 1277) ametaja katika kitabu chake Minhaj mas-ala mawili yatufaayo hapa. Hatusemi kuwa ni mamoja na programu ya simu. Twayaleta kuwa mfano wa kufahamisha.

La kwanza ni kumjaribu mtoto kabla ya kumkabidhi mali. Mtoto wa mfanya biashara hujaribiwa katika kuuza na kununua, tena zaidi ya mara moja, wala haitoshi mara moja. Na kwa kauli iliyo sahihi, mtoto huachiwa apatane bei, lakini ikifika kufunga mkataba, afungaye ni walii wake. Basi fikiri: anayebonyeza "nakubali" katika simu anafunga mkataba. Mwache binti achague na aeleze. Mkataba usome wewe.

La pili ni amana. Mtoto akikuletea mali uiweke, usiipokee. Na ukiipokea ikapotea, dhamana ni juu yako. Na siri ya mtoto ni amana nzito kuliko fedha, kwa sababu fedha hulipwa. Sharia za nchi nazo zimekaribia maana hii: katika Kenya, sharia ya kulinda khabari za watu ya mwaka 2019 imekataza kutumia khabari za mtoto bila ya idhini ya mzazi au mlezi wake. Kwa hivyo sisi tulio huku pia tusidhani mas-ala haya ni ya Marekani peke yake.

MAMBO SITA YA KUTAZAMA. Kaa na mwanao, simu ikiwa mkononi mwake, mtazame pamoja:

1. Mlango. Je, aingiaye huhakikishwa kuwa ni mwanafunzi wa skuli ile, au husadikiwa kwa kusema tu?

2. Waonaji. Je, ratiba yaonekana na rafiki aliyekubaliwa tu, au na skuli nzima? Usitosheke na maneno. Mwambie mwenziwe asiye rafiki yake humo atazame anaona nini.

3. Kinachotwaliwa. Je, yataka kufungua kitabu cha namba za simu, au kujua mahali alipo? Namba za shangazi na mwalimu si mali ya binti hata azitoe. Mtu hatoi ruhusa katika haki ya mwenziwe.

4. Mazungumzo. Je, asiyejulikana aweza kumwandikia faraghani? Na je, ipo njia ya kumzuia na kumshitaki?

5. Kutoka. Kuifuta programu katika simu si kufuta khabari zilizokwisha kupelekwa. Tafuta njia ya kufuta akaunti yenyewe kabla hujaifungua.

6. Haja. Kama haja ni ratiba tu, karatasi yatosha, au kalenda ya simu isiyoonwa na mtu.

HUKUMU. Njia huchukua hukumu ya linalokusudiwa kwayo. Wanazuoni wetu wamesema katika kumuuzia zabibu mwenye kukamua ulevi: ukijua au ukidhani kwa nguvu kuwa atafanya hivyo, ni haramu, ukishuku tu, ni makuruhu. Tukishika mwendo huo: mlango ukiwa wazi kwa kila mtu na ratiba yaonekana, haijuzu kumwachia, ukiwa na shaka, kuacha ni bora, na mambo sita yakiwa sawa, hapana ubaya, kwa sharti uyatazame tena mara kwa mara. Na kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa.

Ama kunyang'anya simu kwa hasira, si dawa. Mtoto aliyenyang'anywa hujifunza kuficha, na siku atakapoandikiwa na mtu mwovu hatamwambia baba yake, kwa kuogopa kunyang'anywa tena. Hapo ndipo khasara kubwa ilipo. Mtume (S.A.W.) ametujuza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga; na mchunga hutembea na kundi lake. Mwambie binti yako tangu leo: "Likikufika neno la kutisha, nijie mimi kwanza, wala sitakukemea." Kisha litimize.

MASWALI YA KUJIPIMA.

1. Kwa nini ratiba ya mtoto ni siri, na masomo yenyewe si siri?

2. Kwa mujibu wa Minhaj, ni lipi la mtoto na ni lipi la walii katika biashara ya majaribio?

3. Simu ya mwanao ina programu ngapi ambazo wewe ndiwe uliyezikubali?

Atakayeshindwa na suala la tatu asione haya. Na amwite mwanawe baada ya sala ya Isha, waanze. Wallahu aalam.