"Duty" Si Zamu Tu: Kujifunza Kiingereza cha Kazi kwa Runinga

Huenda mkashangaa kuona jarida la Chama cha Kiswahili likizungumzia Kiingereza. Msishangae. Sisi wa Busia na Malaba twajua kwamba ndimi hizi mbili hazigombani. Zinafanya kazi pamoja mchana kutwa. Mama wa maharagwe humbembeleza mteja kwa Kiswahili, lakini karatasi ya forodhani imeandikwa kwa Kiingereza. Asipoielewa, itambidi amlipe mtu wa kumsomea, na faida iende na maji.

Je, tatizo letu ni kutojua maneno? La hasha. Twayajua, ila kwa maana ya shuleni tu. Chukua neno "duty". Kila mwanafunzi atakuambia ni zamu, maana kila wiki tuna mwalimu wa zamu. Haya, nenda nalo mpakani uone! Pale "duty" ni ushuru anaotozwa mwenye bidhaa. "Clear" kwetu ni kitu kilicho wazi. Kwa wakala wa forodha ni kukamilisha hati na malipo ili mzigo uachiliwe. "Declare" si kutangaza kama mshindi wa uchaguzi anavyotangazwa, bali ni kumweleza afisa ukweli wa ulichobeba na thamani yake.

Kamusi itakupa maana zote kwa mpigo, halafu ikuache njia panda. Runinga je? Inakuonyesha nani anasema, anamwambia nani, na ameshika nini mkononi. Hapo maana inajitokeza yenyewe. Basi nawapa njia tatu ninazozitumia.

Kwanza, taarifa ya habari. Vituo vyetu husoma habari kwa Kiswahili saa moja jioni, na kwa Kiingereza saa tatu usiku. Tukio ni lile lile, picha ni zile zile. Mathalani, Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia. Kituo cha aina hiyo huwaweka maafisa wa nchi zote mbili pamoja, lori likaguliwe mara moja upande linakoingia. Kwa Kiingereza ni "one-stop border post". Ukisikiliza habari ya saa moja kwa makini, ile ya saa tatu haikupigi chenga.

Pili, michezo ya kuigiza. Nani hajui Vioja Mahakamani ya KBC? Tukicheka, tunajifunza: hakimu, mshtakiwa, kiongozi wa mashtaka, dhamana. Ukiisha kujua nani husimama wapi kortini, filamu ya Kiingereza ya kesi haikutishi tena. "Accused" ni yule wa kizimbani, na "bail" ni dhamana yake. Tena neno hilo dhamana litakufaa huku kwetu: mzigo unaopita Kenya kwenda Uganda huwekewa dhamana ya ushuru, na mawakala huiita "bond".

Tatu, daftari na mwenzako. Andika sentensi nzima, si neno moja. Pembeni andika nani kasema na kwa nini. Kisha igizeni mkiihamishia mpakani, hivi:

Afisa: Anything to declare?
Mfanyabiashara: Yes, sir. Two bags of beans.
Afisa: Do you have a certificate of origin?
Mfanyabiashara: Yes, here it is.

Sasa geuzeni kwa Kiswahili: "Una bidhaa zozote za kueleza?" "Naam, bwana. Magunia mawili ya maharagwe." "Una hati ya uasili?" "Ndiyo, hii hapa." Msidhani ni mchezo wa watoto. Katika mpango rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, zilizo kwenye orodha na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huweza kuvuka kwa hati rahisi ya uasili bila ushuru wa forodha. Kwa hivyo yale maneno "certificate of origin" ni pesa mfukoni mwa mama zetu. Mwanafunzi anayeyajua anaweza kumwokoa mzazi wake na walanguzi wa karatasi.

Lakini tahadhari jamani! Si kila Kiingereza cha runinga kinafaa ofisini. Ukimwambia afisa wa forodha maneno ya majambazi wa filamu za Marekani, shauri yako. Ukipata neno jipya, muulize anayefanya kazi hiyo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Wala tusione haya. Miaka ya 1960 vijana wa baiskeli wa mpaka huu walibeba abiria wakiita "border, border!", nalo neno likawa bodaboda, linalotumika leo Afrika Mashariki nzima. Wale walilichukua neno la Kiingereza kazini wakalipa makao katika Kiswahili. Sisi wenye madaftari na runinga tutashindwaje?

Kwa hayo machache, naweka kalamu chini. Leo saa moja jioni, kaeni tayari na daftari.