Peptidi Kizuizi na Ushahidi wa Kingamwili

Makala haya yananuia kueleza jinsi watafiti wa maabara wanavyoihakiki kingamwili kabla ya kuuamini ushahidi wake.

Kingamwili ni protini inayonasa sehemu fupi mahususi ya protini nyingine. Mtafiti huitumia kutafuta protini moja miongoni mwa maelfu zilizomo katika seli. Je, atajuaje kwamba haikunasa isiyokusudiwa? Aghalabu hutumia peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino uliotengenezwa kwa kufuata sehemu ile ile inayonaswa. Huichanganya kwa wingi na kingamwili, kisha hulinganisha sampuli mbili: moja hupewa kingamwili iliyozuiwa, nyingine isiyozuiwa. Alama ikitoweka katika ile ya kwanza, ni bayana kuwa kingamwili hunasa sehemu hiyo. Ikisalia, imenasa kwa njia nyingine na haifai kuaminiwa.

Hata hivyo, jaribio hili lina upungufu. Tuikumbuke homonimu "kaa": mnyama wa pwani na kipande cha moto. Ukizifunika herufi zake, maana zote mbili hupotea. Vivyo hivyo, protini mbili zenye sehemu zinazofanana hupoteza alama kwa pamoja. Ndiposa mapendekezo ya kundi la kimataifa la wataalamu, mwaka 2016, yalihimiza mbinu nyingine, mathalani kutumia seli zilizoondolewa jeni ya protini husika. Alama ikidumu humo, ushahidi ni wa uongo.

Tiba hutegemea utafiti wa aina hii. Ni wajibu wetu basi, wanafunzi wa Kiswahili, kuieleza sayansi pamoja na shaka zake.